Friedrich Froebel: Mwanachuo Aliyerudi Kutazama Mara ya Pili

Kila mwaka wanachuo wa ualimu katika mikoa ya Mbeya na Iringa hutoka vyuoni kwenda kukaa nyuma ya madarasa ya shule za msingi, wakitazama vipindi kabla ya kuanza mazoezi ya kufundisha. Hupewa daftari, fomu ya kujaza na onyo la kutomkatiza mwalimu. Baada ya siku chache hurudi, nasi wakufunzi husoma walichoandika. Mara nyingi twakuta maneno ya aina mbili tu: ama mwalimu alifanya vizuri kila jambo, ama mwalimu hakutumia zana, hakufuata andalio la somo, hakugawanya ubao. Juu ya watoto hatukuti kitu, au twakuta mstari mmoja kwamba walikuwa watulivu.

Sisi wenyewe tulianza hivyo hivyo. Tulipokuwa wanachuo tulimtazama mwalimu mmoja hodari wa darasa la kwanza akifundisha kuhesabu kwa wimbo. Tuliunakili wimbo, tukaiga hata mwendo wake mbele ya darasa. Wiki iliyofuata tukaufundisha wimbo huo katika shule nyingine. Watoto waliimba kwa furaha hadi kumi, lakini tulipowapa punje za mahindi wazihesabu, wengi walishindwa. Tulikuwa tumemtazama mwalimu tu. Hatukuwa tumetazama mikono ya watoto wake, ambayo muda wote wa wimbo ilikuwa ikisogeza punje moja baada ya nyingine juu ya dawati.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Friedrich Froebel. Jina lake hukaririwa vyuoni pamoja na neno chekechea, lakini namna alivyojifunza kulitazama darasa haisimuliwi sana.

Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, kwenye milima ya misitu ya Thüringen, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye kazi nyingi na muda mchache. Mama yake alifariki mtoto akiwa hajatimiza mwaka, na mama wa kambo alipojaliwa mtoto wake mwenyewe, Friedrich aliachwa pembeni. Baba alijaribu kumfundisha kusoma, akamwona mzito wa kuelewa. Shule aliyopelekwa kijijini ilikuwa ile ya wasichana. Mwaka 1792 mjomba wake alimchukua akakae naye katika mji wa Stadtilm, na huko ndiko alikoonja kwa mara ya kwanza raha ya kucheza na wenzake. Mtoto aliyedhaniwa mzito alikuwa amekosa mtu wa kumtazama.

Njia yake ya ujana haikunyooka. Mwaka 1797 aliwekwa kwa bwana misitu mmoja ili ajifunze kazi, lakini mwalimu wake huyo hakumshughulikia sana, naye akajifunza mimea peke yake. Mwaka 1799 aliingia Chuo Kikuu cha Jena, ambako mambo yaliishia katika deni lililomfanya awekwe kizuizini kwa wiki 9. Baada ya hapo alifanya kazi hii na ile, miongoni mwazo upimaji wa ardhi na ukarani. Mwaka 1805, akiwa na umri wa miaka 23, alikwenda Frankfurt akikusudia kusomea ujenzi wa majumba.

Huko Frankfurt alikutana na Anton Gruner, mkuu wa shule ya mfano ya mji huo, ambaye alimwona kuwa ana kipawa cha ualimu, akamwalika afundishe. Gruner alikuwa mfuasi wa Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu mashuhuri wa Uswisi aliyeanzisha shule yake katika ngome ya kale ya Yverdon. Basi kabla ya kushika darasa, Froebel alikwenda Yverdon akatazama.

Alikaa huko wiki 2 tu. Aliona watoto wakifundishwa kitu kabla ya jina la kitu. Wakihesabu vitu vinavyoshikika kabla ya kuandika tarakimu. Wakianza jiografia katika bonde walilolikanyaga wenyewe kabla ya kufungua ramani. Alivutiwa mno. Lakini pia alichanganyikiwa, maana aliona mambo mengi yakifanikiwa bila kuelewa yanafanikiwa kwa nini. Hata Pestalozzi mwenyewe, alipoulizwa sababu, hakuwa mwepezi wa kuieleza. Aliwaelekeza waulizaji waende wakaone kwa macho yao.

Froebel alirudi Frankfurt akapewa darasa la wavulana kati ya 30 na 40, wenye umri wa miaka 9 hadi 11. Alifundisha hesabu, kuchora, jiografia na Kijerumani, na katika jiografia aliwaanzisha watoto kwenye mazingira yao ya karibu kama alivyoona Yverdon. Wazazi waliridhika. Mwalimu mwingine angetosheka hapo. Yeye alijiona kuwa anatenda asiyoweza kuyatolea sababu, akaona kwamba hajawa mwalimu kamili.

Mwaka 1808 alirudi Yverdon, safari hii akiwa na wavulana 3 wa familia ya Holzhausen aliokuwa akiwalea na kuwafundisha. Alikaa miaka 2, mwalimu kwa wale wavulana na mwanafunzi kwa Pestalozzi. Hapo ndipo macho yake yalipofunguka. Upendo wa Pestalozzi kwa watoto ulizidi kumgusa, na thamani ya kuanza na vitu halisi aliiona wazi zaidi. Lakini aliona pia lililomfichika katika zile wiki 2: masomo hayakushikamana, kila moja likienda njia yake kana kwamba mtoto amegawanywa vipande, na walimu wa shule ile walikuwa wakigombana wao kwa wao. Hakumdharau Pestalozzi kwa sababu ya hayo, wala hakuyafumbia macho kwa sababu ya heshima. Alichukua swali lililobaki bila jibu, akaondoka nalo mwaka 1810.

Alilibeba swali hilo miaka mingi. Alisoma sayansi Göttingen na Berlin, akajitolea vitani mwaka 1813, kisha akafanya kazi katika jumba la makumbusho ya madini. Mwaka 1816 alifungua shule ndogo katika kijiji cha Griesheim. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto 5 wa kaka zake, 3 kati yao wakiwa wamefiwa na baba. Mwaka uliofuata shule ilihamia Keilhau. Mwaka 1826 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya malezi ya binadamu. Na kadiri alivyowatazama watoto, ndivyo alivyovutwa kwa walio wadogo zaidi, wale ambao watu wazima walidhani wanapoteza muda kwa michezo. Yeye aliona kwamba katika mchezo mtoto anafanya kazi yake yote kwa pamoja: anahesabu, anajenga, anasema, anashirikiana. Umoja alioukosa Yverdon aliukuta hapo.

Mwaka 1837 alianza kazi ya watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, akatengeneza vifaa vya kuchezea: mipira laini ya rangi 6, tufe na mche wa mbao, mchemraba uliokatwa kuwa vipande 8. Mwaka 1840 aliipa kazi hiyo jina lenye maana ya bustani ya watoto. Katika miaka yake ya mwisho aliwafunza wasichana na wanawake kazi hiyo, wakijifunza kwa kucheza na watoto wenyewe. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule zake, ikimchanganya na mpwa wake mwenye siasa kali. Froebel alifariki tarehe 21 Juni 1852, marufuku ikiwa bado ipo. Iliondolewa mwaka 1860.

Wala hadithi haikuishia kwa ushindi mtupu. Baada ya kifo chake wafuasi wengi walishika vifaa vyake wakaacha macho yake. Walitoa mipira kwanza, mbao baadaye, kwa mpangilio usiogeuzwa, hata pale watoto walipochoka. Walimfanyia Froebel kosa lile lile tulilolifanya sisi kwa yule mwalimu wa wimbo.

Jambo hili latuhusu kwa karibu. Sera ya elimu ya mwaka 1995 ilitaka kila shule ya msingi iwe na darasa la awali, na ile ya mwaka 2014 ikaifanya elimu hiyo kuwa ya lazima. Mwanachuo atakayekwenda Rungwe au Mbarali, Kilolo au Mufindi, huenda akapewa watoto wa miaka mitano bila mchemraba hata mmoja wa kununua. Asihuzunike. Vijiti vya mianzi, udongo wa mfinyanzi, mbegu za maharage na vizibo vya chupa vyaweza kufanya kazi ile ile, mradi mwalimu ajue anatazama nini mikononi mwa mtoto.

Kwa hiyo mwanachuo akaapo nyuma ya darasa, twamshauri achague watoto wawili au watatu tangu mwanzo wa kipindi, mmoja wao awe yule asiyenyosha mkono. Aandike walichofanya mwalimu aliposema, aliponyamaza na alipogeukia ubao. Pale somo linapofanikiwa, ajiulize ni kitu gani hasa kililifanikisha. Pale linapokwama, atazame lilikwama kwa mtoto yupi na katika hatua ipi, kabla ya kumhesabia mwalimu makosa. Kisha, baada ya kufundisha yeye mwenyewe kwa wiki kadhaa, aombe ruhusa arudi kwenye darasa lile lile akae tena nyuma. Macho ya mtu aliyekwisha kushindwa kidogo huona mengi kuliko macho ya mgeni.

Wiki 2 za Yverdon zilimpa Froebel shauku. Miaka 2 ilimpa swali la kumtosha maisha yote. Ratiba za vyuo vyetu haziwezi kumpa mwanachuo miaka 2 nyuma ya darasa, lakini hakuna ratiba imkatazayo kurudi mara ya pili, na daftari analorudi nalo siku hiyo ndilo ambalo sisi wakufunzi tungependa kulisoma kwanza.