Bill Shankly: Kocha aliyeijenga Liverpool mara mbili

ILIKUWA Desemba 1959 Bill Shankly alipokabidhiwa timu ya Liverpool. Klabu hiyo, ambayo leo mashabiki wake wametapakaa kila pembe ya dunia, ilikuwa ikisota katika Daraja la Pili la England kwa msimu wa sita mfululizo. Mapema mwaka huo ilikuwa imefedheheshwa na Worcester City, timu ambayo haikuwa hata miongoni mwa zile za ligi, iliyoitupa nje ya Kombe la FA kwa mabao 2-1. Uwanja wa Anfield ulikuwa umechakaa, na ule wa mazoezi wa Melwood ulikuwa umetelekezwa.

Kocha huyo mpya hakuwa mgeni wa shida. Alizaliwa Septemba 2, 1913 katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe cha Glenbuck, nchini Scotland, katika familia ya watoto kumi. Wavulana wote watano wa nyumba hiyo walikuja kucheza soka ya kulipwa. Yeye mwenyewe aliingia mgodini akiwa kijana mdogo. Maisha ya huko, ambako usalama wa mmoja hutegemea uangalifu wa mwenzake, yalimjengea imani aliyokufa nayo: kwamba kila mtu afanye kazi kwa ajili ya wenzake na wote wagawane matunda.

Akiwa mchezaji alitwaa Kombe la FA mwaka 1938 na Preston North End, na akaichezea timu ya taifa ya Scotland. Akiwa kocha alipitia Carlisle United, Grimsby Town, Workington na Huddersfield Town, na mara kwa mara alikwaruzana na viongozi juu ya fedha za kuimarisha vikosi vyake.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na pale Liverpool Shankly alianza kwa kuzikagua fimbo zilizokuwa mkononi. Aliwakuta wasaidizi watatu, Bob Paisley, Joe Fagan na Reuben Bennett. Kocha mwingine angewaondoa ili alete watu wake, lakini yeye aliwaita, akawataka wawe waaminifu kwake na wao kwa wao, kisha akawaacha waendelee na kazi. Kwa wachezaji hakuwa na huruma ya namna hiyo: 24 kati yao walifunguliwa mlango. Hata hivyo, katika kundi hilo alilolirithi alimwona mshambuliaji kijana Roger Hunt, na beki Gerry Byrne aliyekuwa kwenye orodha ya wanaouzwa. Byrne alibaki. Mwaka 1965 ndiye aliyecheza karibu fainali yote ya Kombe la FA akiwa amevunjika mfupa wa bega, na bado akatoa pasi iliyozaa bao la kwanza.

Baada ya hapo ndipo alipoingia sokoni, na hakununua ovyo. Alitaka uti wa mgongo: mtu wa kusimama katikati ya ulinzi na mtu wa kuongoza mashambulizi. Aliwajua wawili wa kuifanya kazi hiyo tangu akiwa Huddersfield, ambako hakupata fedha za kuwanunua. Hata Liverpool viongozi walisita, hadi mkurugenzi Eric Sawyer alipomuunga mkono. Mwaka 1961 Ian St John alitoka Motherwell kwa pauni 37,500, rekodi ya klabu wakati huo. Ron Yeats, jitu lililowahi kufanya kazi machinjioni, alitoka Dundee United, na siku ya kumtambulisha, Shankly aliwataka waandishi wa habari wamzunguke waone ukubwa wake.

Mwaka uliofuata Liverpool ilitwaa ubingwa wa Daraja la Pili na kupanda, huku Hunt akifunga mabao 41 ya ligi. Ubingwa wa England ulikuja mwaka 1964, na mwaka 1965 klabu ikatwaa Kombe la FA kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ubingwa wa 1966 ulipatikana kwa kutumia wachezaji 14 tu msimu mzima.

Lakini uaminifu uliomjenga ndio uliokaribia kumbomoa. Mashujaa wake walizeeka naye akishindwa kuachana nao, na misimu ikapita bila kombe. Februari 21, 1970, Watford, timu ya Daraja la Pili, iliichapa Liverpool bao 1-0 na kuitoa kwenye Kombe la FA. Shankly aliuona ukweli aliokuwa akiukwepa. Yeats, St John na kipa Tommy Lawrence walipoteza namba zao, na maumivu hayakuwa ya upande mmoja.

Safari hii hakulazimika kuanza na shimo tupu. Ray Clemence alikuwa ameletwa tangu 1967 kutoka Scunthorpe United kwa pauni 18,000, akanolewa kwa muda mrefu katika kikosi cha akiba. Emlyn Hughes alikuwa ametoka Blackpool na Larry Lloyd kutoka Bristol Rovers. Steve Heighway, msomi wa chuo kikuu, aliokotwa Skelmersdale United, timu ya ridhaa. Mwaka 1971 Geoff Twentyman, msaka vipaji mkuu wa klabu, alisaidia kumleta Kevin Keegan, naye kutoka Scunthorpe, kwa takriban pauni 35,000. Wengi wao walikuwa vijana wa timu ndogo wenye njaa ya mafanikio, walionunuliwa kabla majina yao hayajapandisha bei.

Kikosi hicho kilitwaa ubingwa wa England na Kombe la UEFA mwaka 1973, na Kombe la FA mwaka 1974. Julai mwaka huo Shankly alitangaza kustaafu, na jiji zima likapigwa na butwaa. Paisley alirithi kiti. Hakukuwa na wadhifa wa mstaafu huyo klabuni, na jambo hilo lilimuuma hadi mwisho.

Alifariki dunia Septemba 29, 1981. Miezi minne kabla, Liverpool ilikuwa imetwaa Kombe la Ulaya kwa mara ya tatu. Langoni alisimama Clemence, yule kijana wa Scunthorpe. Na kwenye benchi aliketi Paisley, msaidizi ambaye Shankly hakumfukuza mwaka 1959.