Red Holzman: Kocha Aliyeufanya Ulinzi Kuwa Kazi ya Watu Watano

Kila mara mjadala wa mpira wa vikapu unapozuka miongoni mwetu, iwe ni wakati wa chamcha au njiani tukirudi nyumbani jioni, swali huwa ni lile lile: ni kitu gani hasa hufanya ulinzi wa timu uwe imara? Kuna wale wanaoshikilia kwamba ukishapata jitu moja refu likasimama chini ya kikapu, basi kazi kwisha. Wengine wanasema la hasha, ulinzi ni wa watu wote watano, mrefu kwa mfupi. Mimi niko upande wa pili, na wakili wangu ni marehemu Red Holzman, aliyekuwa kocha wa timu ya New York Knicks kule Marekani. Hebu nikusimulie maisha yake, kisha utaamua mwenyewe.

William Holzman alizaliwa tarehe 10 Agosti 1920 katika jiji la New York. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wahamiaji, baba akiwa ametoka Urusi na mama Romania. Kijana huyu alikuwa na nywele nyekundu, ndiyo maana akabandikwa jina la Red, yaani Mwekundu, nalo likamganda mpaka kaburini. Alilelewa katika mtaa wa Brooklyn, ambako watoto wa mtaani hawakukosa mpira wala mahali pa kuurusha. Alipokua alifika futi 5 na inchi 10 tu. Kwa raia wa kawaida huo si ufupi hata kidogo, lakini katika mchezo huu ni kama sungura kusimama kati ya twiga. Basi ikambidi atumie kichwa zaidi ya urefu.

Alijiunga na City College ya New York, chuo ambacho siku hizo wanafunzi walisoma bila kulipa karo. Hapo alifundishwa na kocha Nat Holman, mtu aliyesisitiza kupasiana haraka na kufikiri kabla ya kukimbia. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, Holzman aliingia katika jeshi la wanamaji mwaka 1942 na kutumikia mpaka 1945. Aliporudi uraiani alianza kucheza mpira wa kulipwa na timu ya Rochester Royals, wakatwaa ubingwa wa ligi yao mwaka 1946. Mwaka 1951 walitwaa tena ubingwa, safari hii ukiwa wa NBA. Na walimshinda nani katika fainali? New York Knicks, timu ile ile ambayo baadaye Holzman mwenyewe angeiongoza! Ama kweli dunia ni duara.

Baada ya kucheza alijaribu ukocha, akapewa timu ya Hawks iliyokuwa Milwaukee kabla ya kuhamia St. Louis. Mambo yalimwendea mrama. Mnamo Januari 1957 alifutwa kazi msimu ukiwa katikati. Kilichouma zaidi ni kwamba timu hiyo hiyo ilifika fainali miezi michache tu baadaye, na mwaka 1958 ikawa bingwa. Hebu fikiria, umefukuzwa shambani na mavuno yanakuja kuvunwa na wengine! Mtu mwingine angekata tamaa kabisa. Holzman yeye alipiga moyo konde, akaajiriwa na Knicks kuwa mtafuta vipaji, kazi aliyoifanya kwa karibu miaka 10.

Hapa yafaa nisimame kidogo, kwa sababu mwaka huo wa 1957 ndio uliowapa nguvu wale wanaotetea jitu moja. Boston Celtics chini ya kocha Red Auerbach walitwaa ubingwa wao wa kwanza wakiwa na Bill Russell. Russell alikuwa mrefu, mwepesi, na hodari wa kuzuia mipira iliyoelekezwa kikapuni. Katika misimu 13 aliyoichezea Boston, timu ilishinda ubingwa mara 11. Sasa nani angebisha? Kila timu ikaanza kutafuta Russell wake. Lakini watu husahau kwamba Russell hakuwa peke yake. Mbele yake walikuwako akina K.C. Jones na Satch Sanders, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kumkera mshambulizi mpaka afike kwa Russell akiwa hoi. Kumbe hata huko Boston palikuwa na mikono mingi.

Turudi kwa mtu wetu. Akizunguka vyuoni na daftari lake, Holzman alikuwa na jicho la mwewe. Wakati wake Knicks walimchukua Willis Reed kutoka chuo cha Grambling mwaka 1964, na mwaka 1967 wakamchukua Walt Frazier kutoka Southern Illinois pamoja na kijana mmoja mwenye mikono mirefu aitwaye Phil Jackson. Lakini vipaji peke yake havikutosha. Ilipofika Desemba 1967 timu ilikuwa imeshindwa katika zaidi ya nusu ya mechi zake, na wakubwa wakamwambia Holzman achukue usukani. Yeye mwenyewe hakuitamani kazi hiyo, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hata hivyo aliikubali, na msimu ukaisha Knicks wakiwa na ushindi 43 dhidi ya kushindwa 39.

Alifanya nini? Hakuanza na mbinu za kufunga. Alianza na ulinzi, tena tangu mazoezi ya kwanza. Fundisho lake kuu lilikuwa rahisi hata mtoto wa darasa la nne angelielewa: uone mpira. Mchezaji asimfuate mpinzani wake kama kupe, huku mgongo wake umeuelekea mpira. Asimame mahali ambapo anaweza kumwona mpinzani na mpira kwa wakati mmoja. Kwa nini? Kwa sababu mwenzako akipitwa, ni lazima wewe ufike kabla mshambulizi hajafika kikapuni. Na huwezi kufika kama hukuona. Wewe ukitoka kwenda kusaidia, wa tatu anaziba pengo lako, na wa nne analiziba la huyo wa tatu. Yaani ni kama mlango unaofungwa na watu watano, kila mmoja na komeo lake.

Jambo la pili lilikuwa kubana uwanja mzima. Usisahau kwamba tangu mwaka 1954 NBA ina kanuni ya sekunde 24: timu yenye mpira ni lazima ijaribu kufunga kabla ya muda huo kwisha. Holzman alijua kuhesabu. Ukimsumbua mpinzani tangu anapoanza kuuleta mpira, utamlia sekunde 7 au 8 kabla hajavuka nusu ya uwanja. Atakapofika karibu na kikapu chako atakuwa na haraka, na haraka haraka haina baraka. Atatupa ovyo au atapasia mikononi mwa Frazier, ambaye mikono yake ilikuwa myepesi kama ya mcheza karata.

Mnamo Desemba 1968 likatokea jambo ambalo ningependa watetezi wa jitu moja walisikie vizuri. New York walikuwa na jitu lao, Walt Bellamy, mchezaji wa kati aliyekuwa mrefu sana. Walimtoa kwa timu ya Detroit pamoja na Howard Komives, wao wakampata Dave DeBusschere, aliyekuwa futi 6 na inchi 6. Yaani walimtoa mrefu wakamchukua mfupi zaidi! Reed akahamia kati, na DeBusschere akawa kando yake akipigania kila mpira uliodunda. Timu ilibadilika kana kwamba imelishwa dawa. Msimu wa 1969 hadi 1970 wapinzani wa Knicks walipata wastani wa alama takriban 106 kwa mechi, chini kuliko waliofungwa timu nyingine yoyote katika ligi. Walipochaguliwa walinzi bora 5 wa NBA mwaka huo, 3 walitoka New York: Reed, DeBusschere na Frazier.

Msimu huo huo walishinda mechi 18 mfululizo, rekodi ya ligi kwa wakati ule. Ile ya 18 ilichezwa Cleveland dhidi ya Cincinnati Royals mnamo Novemba 1969, nayo si mchezo. Zikiwa zimebaki sekunde 16, Knicks walikuwa nyuma kwa alama 5, 105 kwa 100. Reed akafunga mitupo miwili ya adhabu. Royals wakataka kuurudisha mpira uwanjani, Bob Cousy akaurusha, DeBusschere akaudaka katikati na kufunga. Tofauti ikabaki alama 1. Royals wakapata tena mpira, Reed akaupangua, Frazier akauokota na kuelekea kikapuni. Alikosa, lakini akachezewa visivyo. Akafunga mitupo yake miwili na mechi ikaisha 106 kwa 105. Alama hizo 6 zilitiliwa mbegu na ulinzi, na hakuna hata mtu mmoja aliyemzuia mwingine kwa urefu. Watu waliona mpira, basi.

Mtihani mkuu ulikuja katika fainali ya 1970 dhidi ya Los Angeles Lakers. Huko alikuwako Wilt Chamberlain, futi 7 na inchi 1, mtu aliyewahi kufunga alama 100 katika mechi moja mwaka 1962. Timu zilikuwa zimeshinda mechi mbili mbili. Katika mechi ya 5 Reed akaanguka na kuumia msuli wa mguu. Ukumbi wa Madison Square Garden ukazizima. Kufikia mapumziko Knicks walikuwa nyuma kwa alama 13. Holzman hakuwa na jitu la kumpa Chamberlain, ndipo wachezaji wakamzingira kwa zamu. DeBusschere, aliyezidiwa kwa inchi 7, alimsukuma kutoka nyuma huku wenzake wakikata kila pasi iliyomwendea. Chamberlain alisimama pale kama mnazi, mpira haumfikii! Tena Holzman hakuwa mtu wa kiburi: mchezaji wake Bill Bradley alipopendekeza mpango mpya wa kushambulia wakati wa mapumziko, kocha aliukubali. Lakers wakapoteza mpira mara kwa mara, na Knicks wakashinda 107 kwa 100.

Lakini mtu mwadilifu husema yote. Katika mechi ya 6 Reed hakucheza, na Chamberlain alifunga alama 45 na kudaka mipira 27 iliyodunda. Lakers wakashinda 135 kwa 113. Hapa watetezi wa jitu watashangilia, na wana haki kiasi. Ujanja wa watu wafupi unaweza kumshtua jitu siku moja, ila akipata usiku wa kuuwaza, kesho yake atakuja na dawa. Mwili una kazi yake.

Basi tarehe 8 Mei 1970 ikafika mechi ya 7. Reed akatoka akichechemea, akafunga vikapu viwili vya kwanza vya timu yake, kisha hakufunga tena. Kazi yake ikawa moja: kumkinga Chamberlain na kumsogeza mbali na kikapu kwa mguu mmoja mzima. Frazier akafunga alama 36 na kutoa pasi 19 za kufungia. Knicks wakashinda 113 kwa 99, ubingwa wao wa kwanza tangu timu ianzishwe mwaka 1946. Naona hapa ndipo jibu la mjadala wetu lilipo. Reed mzima hakuwa mrefu kama Chamberlain, na Reed mgonjwa alikuwa nusu ya Reed. Nusu hiyo ilitosha kwa sababu wanne wengine waliibeba nusu iliyobaki.

Na si kwamba walibahatisha. Mwaka 1973 Knicks walikwenda Boston na kuwashinda Celtics katika mechi ya 7 kwenye uwanja wa Celtics wenyewe, kisha wakawafunga Lakers wa Chamberlain mechi 4 kwa 1. Kufikia hapo walikuwa na Earl Monroe, fundi wa kufunga aliyekubali kupunguza madoido yake ili afuate utaratibu wa timu.

Holzman alistaafu ukocha mwaka 1982. Aliipatia New York ushindi 613 katika mechi za ligi, na nambari hiyo ikatundikwa juu ya ukumbi wao kana kwamba ni jezi. Mwaka 1986 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri wa mchezo huo. Yule kijana wa mikono mirefu, Phil Jackson, aliyejifunza miguuni pake, alikuja kushinda ubingwa mara 11 akiwa kocha wa Chicago Bulls na Lakers. Mke wake Holzman, Selma, waliyeoana mwaka 1942, alifariki katikati ya mwaka 1998. Mzee mwenyewe alimfuata tarehe 13 Novemba mwaka huo huo kwa saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 78.

Wenzangu, wengi wetu si warefu, na hatuwezi kuomba inchi kwa mwalimu wa michezo. Lakini kuona mpira hakuhitaji inchi. Kuacha mtu wako ukamsaidie mwenzako aliyepitwa, ukiamini kwamba kuna atakayekusaidia wewe, hilo ni jambo la moyo, na ndilo gumu zaidi, maana kila mtu angependa kulinda wake tu ili asilaumiwe. Anayetaka kuendelea na ubishi anitafute uwanjani saa kumi jioni. Kidole kimoja hakivunji chawa, na jitu moja halilindi kikapu.