MWANA KUPONA: Jina lilisema kupona, mwili ukakataa

Kama ulisoma ushairi sekondari, basi jina la Mwana Kupona binti Mshamu si geni kwako. Mwalimu aliandika ubaoni maneno matatu: mke, mume, utiifu. Wavulana wakachekelea, wasichana wakanuna, kengele ikalia, mkatoka. Mtihani ukija unaandika kwamba mama alimuusia bintiye namna ya kuishi na mume, unapata alama zako, basi.

Kitu kimoja hakikuandikwa ubaoni. Mama huyo alikuwa mgonjwa. Si homa ya siku mbili, la. Alipoanza kutunga utenzi huo alikuwa ameugua mwaka mzima, na hilo analisema mwenyewe mapema kabisa, kabla hata hajamtaja mume. Ugonjwa umemshika hadi mwaka umetimia, na muda wote huo hajapata kumwambia bintiye neno la maana. Mimi niliusoma utenzi huu mara kadhaa kabla ya mahali hapo kunisimamisha. Mwaka mzima, jamani.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1810 katika mji wa Pate, kwenye kisiwa cha Pate, katika funguvisiwa la Lamu. Pate ilikuwa imewahi kuwa dola yenye nguvu kwenye mwambao huu, lakini yeye alikulia wakati fahari hiyo inamomonyoka. Vita na Lamu, magomvi ya ufalme, na huku Sayyid Said wa Omani na Zanzibar akinyoosha mkono wake juu ya pwani nzima.

Aliolewa Siyu, mji mwingine wa kisiwa hicho hicho. Siyu ya wakati huo usiione ndogo. Ulikuwa mji wa wanazuoni, wa mafundi wa ngozi na mbao, na wa waandishi walionakili misahafu kwa mkono, nakala ambazo hadi leo watu husafiri mbali kuziona. Mume wake alikuwa mtawala wa mji huo, Sheikh Muhammad Is-haq bin Mbarak wa ukoo wa Famau, ambaye historia inamjua zaidi kwa jina la Bwana Mataka. Huyu ndiye aliyemsumbua Sayyid Said. Katika miaka ya 1840 Sultani alituma jeshi kuitia Siyu adabu, likapigwa, na amiri wake akauawa. Ukifika Siyu leo, ngome ya mawe bado imesimama kando ya maji.

Mwana Kupona alikuwa mke wa mwisho wa Bwana Mataka. Walijaliwa watoto wawili, na binti yao, Mwana Hashima, alizaliwa mwaka wa 1841. Mwaka wa 1856 Bwana Mataka akafariki. Sayyid Said naye akafa mwaka huo huo, baharini, akirudi Zanzibar kutoka Omani. Mahasimu wawili wakaondoka pamoja, na mama akabaki mjane.

Kisha ukaja ugonjwa.

Ni ugonjwa gani? Simulizi zilizopokewa kuhusu kifo chake zinataja kutokwa na damu katika kizazi. Daktari wa leo akisikia hivyo anafikiria mambo mengi: uvimbe wa kizazi, saratani, matatizo ya homoni. Hatuwezi kumpima mtu aliyezikwa zaidi ya miaka 150 iliyopita, kwa hiyo tusijifanye madaktari. Lakini kila mwenye dada, mama au rafiki mwenye hedhi isiyokoma anajua maisha hayo yalivyo. Ni ugonjwa usioonekana. Kama yule anayesikia mapigo ya moyo wake yakidunda sikioni usiku kucha huku aliyelala pembeni hasikii kitu. Nje uko sawa, watu wanakusalimia, unaitikia salama. Ndani unahesabu.

Na tiba je? Lamu na Pate za miaka ya 1850 hazikukosa tiba, tusidanganyane. Kulikuwa na waganga waliojua mizizi na majani. Kulikuwa na kuumikwa, pembe ikiwekwa mwilini ili kutoa damu chafu, ingawa kwa mwanamke anayevuja damu hilo unaliona lilivyo. Kulikuwa na kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zinaoshwa kwa maji au marashi, mgonjwa anakunywa. Kulikuwa na hirizi za kuvaa na mashekhe wa kumsomea mgonjwa. Wapo ambao wangesema ni pepo, na ngoma ingepigwa. Mjane wa mtawala, mwenye jina na jamaa, angeweza kugonga milango hiyo yote. Alichokijaribu hasa hakutuandikia. Ila neno hirizi analitumia, na analitumia kwa ujanja: maneno yake ndiyo hirizi anayompa bintiye aifunge kwa uzi.

Usidhani pia kwamba kule Ulaya walikuwa wamefika mbali. Mmisionari Ludwig Krapf alipohamia Mombasa mwaka wa 1844, mke wake Rosine alijifungua na kufariki ndani ya miezi michache, na mtoto naye akafa. Huko London, daktari James Blundell alikuwa ameanza katika miaka ya 1820 kuwatia damu ya watu wengine wanawake waliokuwa wakivuja damu baada ya kujifungua. Baadhi walipona, baadhi walikufa, na hakuna aliyejua kwa nini, maana makundi ya damu hayakugunduliwa hadi mwaka wa 1901, na Karl Landsteiner. Hata kipimo cha altrasaundi, ambacho leo mtu anaandikiwa kama mchezo, kilichelewa sana. Makala ya Ian Donald na wenzake wa Glasgow, iliyoonyesha kwamba mawimbi ya sauti yanaweza kufichua uvimbe ndani ya tumbo, ilitoka mwaka wa 1958. Mwana Kupona alitunga mwaka wa 1858. Miaka 100.

Kwa hiyo mwaka ulipotimia na nafuu haijaja, alifanya jambo jingine. Alimwita bintiye aje karibu, alete wino na karatasi. Mwana Hashima alikuwa na umri wa miaka 17 hivi, umri wa kidato cha tatu au cha nne. Vuta picha: mama yuko kitandani, baba alishakufa, siasa za mji zimechafuka, na msichana anayekaribia kuingia nyumba ya mume hana wa kumwongoza. Ukiisoma kutoka kwenye kitanda hicho, ile sehemu inayowaudhi wengi darasani inabadilika kidogo. Mimi bado sikubaliani na kila wasia uliomo, na wasomi nao wanabishana hadi leo kama kuna kejeli imejificha ndani ya maneno matamu kuhusu mume. Lakini naona mama anayepigania muda. Anamtafutia mwanawe usalama kwa kutumia njia alizozijua yeye, katika mji alioujua yeye.

Kuna sehemu nyingine ambayo mitihani huipita mbio. Utenzi una beti 102, na sehemu kubwa ya mwisho wake haimhusu mume hata kidogo. Ni dua. Anamkabidhi Mungu watoto wake. Anaomba msamaha. Na anaomba afya, na anaiomba ije kwa haraka. Yale yaliyo mazito kwetu, anasema, kwa Mola ni mepesi. Huyu ndiye mama aliyetoka kumfundisha bintiye adabu, upole na subira. Mbele ya Mola wake anakiri kwamba maumivu yamemchosha na anataka yaondoke sasa. Nadhani hapo ndipo ninapompenda zaidi. Subira aliyomuusia binti hakuifanya sababu ya kunyamaza kuhusu mwili wake.

Jina lake nalo linauma, ukilifikiria. Kupona! Kila aliyekuja kumjulia hali alilitamka.

Karibu na mwisho anawaalika wanawake wenzake wausome utenzi huo. Si binti peke yake, wote. Na waliusoma. Ulinakiliwa kwa herufi za Kiarabu na kuzunguka kutoka nyumba moja hadi nyingine, na wapo walioujua kwa moyo bila kushika karatasi.

Mwenyewe alifariki Lamu katika miaka ya 1860, kwa kuvuja damu. Ugonjwa ulimpa muda wa kutosha kuandika, haukumpa zaidi. Mtu wa Siyu au Pate akiugua siku hizi bado anapanda boti kuvuka maji hadi Hospitali ya King Fahd mjini Lamu, na wajawazito wa visiwani wanaijua safari hiyo vizuri, hasa kusi likivuma. Tofauti ni kwamba ng'ambo kuna damu ya kuongezwa.

Mwana Hashima alichukua kila kitu ambacho mama yake alikikosa upande wa umri. Aliishi zaidi ya miaka 90. Alikuwa bado hai mwaka wa 1917, wakati Mwingereza Alice Werner alipouchapisha utenzi huo Marekani pamoja na tafsiri yake. Maneno aliyoambiwa kando ya kitanda cha mgonjwa akiwa msichana yalikuwa sasa yanasomwa na wageni ng'ambo ya bahari. Alifariki mwaka wa 1933. Mwaka uliofuata, Werner na William Hichens walitoa kitabu kamili Uingereza, na kichwa chake kikawaambia wasomaji kwamba humo mna ushauri wa Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Ugonjwa haukutajwa.