Kanumba na Jumamosi Kuu

Huku Pemba kila tukiandaa Mkesha wa Pasaka, mimi humkumbuka Steven Kanumba. Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, tukamjua kwenye maigizo ya Kaole pale ITV, kisha akahamia kwenye filamu. Kiingereza chake watu walikicheka, nami nikiwemo, utoto jamani! Yeye wala hakurudi nyuma: alishacheza Dar 2 Lagos na Wanigeria, akaendelea kuigiza nao. Usiku wa kuamkia Jumamosi Kuu, 7 Aprili 2012, akafariki ghafla Dar es Salaam. Miaka 28 tu. Jioni yake nilikuwa mtumikiaji altareni. Mshumaa ulipowashwa, nikamtajia Mungu jina lake kimyakimya, na kile kicheko changu pia.