Ndugu Andrea Pozzo, Mchoraji

Andrea Pozzo alizaliwa mwaka 1642 katika mji wa Trento, Italia ya kaskazini. Siku ya Noeli ya mwaka 1665 aliingia Shirika la Yezu. Hakuwa padri, alikuwa Ndugu mtawa, akamtumikia Mungu kwa brashi yake.

Mwaka 1681 wakubwa wake walimwita Roma. Huko kanisa la Mtakatifu Inyasi lilikosa kuba, yaani paa la mviringo kama chungu kilichopinduliwa. Fedha za kulijenga hazikupatikana. Basi Ndugu Andrea akachora kuba kwa rangi juu ya kitambaa chenye upana wa mita 17 hivi. Mwaka 1685 kikawekwa juu kanisani. Kitambaa ni bapa kama meza. Lakini mtu akisimama penye alama sakafuni na kuinua macho, aona kuba refu lenye nguzo na madirisha.

Aliwezaje? Tazameni barabara iliyonyoka na tambarare, yenye mikaratusi kandokando. Mti wa karibu waonekana mrefu, wa mbali waonekana mfupi. Kingo mbili za barabara zakaribiana, na huko mbali, kwenye kimo cha macho yenu, ni kama zinakutana. Pale ndipo nukta ya macho. Ndugu Andrea alichagua nukta moja tu, akaielekezea mistari yote inayokwenda mbali.

Wengine walimlaumu. Mafundi wa kujenga walisema nguzo zake zimesimama juu ya mawe yaliyotokeza ukutani, na fundi wa kweli hajengi hivyo. Rafiki yake mmoja, mchoraji, akafanya mzaha kwamba mawe yale yakivunjika, yeye atalipa hasara yote. Ndugu Andrea hakukasirika. Aliyaandika maneno hayo katika kitabu chake mwenyewe.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 1693, na cha pili mwaka 1700. Aliwahurumia wanaoanza: kwanza awaonyesha kuchora mraba, halafu nguzo, na mwisho makanisa mazima.

Nanyi, mwalimu akisema nyumba mliyochora yaanguka, msipasue karatasi. Shikeni rula, mrefushe mistari ya paa na ya ukuta wa upande uleule. Ikikutana penye nukta moja, ni vema. Mstari mmoja ukipita pengine, kosa ni la mstari ule. Ufuteni huo peke yake, mwuchore upya.

Ndugu Andrea alikufa mjini Vienna mwaka 1709. Aliwashauri wanafunzi wake waelekeze mistari yote, na kazi yote, kwenye nukta moja ya kweli: utukufu wa Mungu.

Maswali
1. Kwa nini Ndugu Andrea alichora kuba?
2. Nukta ya macho ni nini?
3. Utajuaje mstari uliokosea?