Merlin, jamaa aliyevaa magurudumu bila breki

Kama umeanza kuskeiti juzi na tayari kiwiko kimechubuka, kuna mzee wa kitambo unafaa kumjua. John Joseph Merlin. Huyu alianguka vibaya kuliko wewe, tena mbele ya matajiri wa London, fidla mkononi.

Na usidhani alikuwa mjinga. Alizaliwa 1735 huko Huy, mji wa Ubelgiji ya leo, akafanya kazi Paris, kisha 1760 akahamia London katika msafara wa balozi wa Uhispania. Huko akafanya kazi na James Cox, sonara wa vitu vya kifahari. Mikono yake imo katika batamaji wa fedha ambaye mtambo wake ukifunguliwa anageuza shingo, anainama na kudaka samaki. Bado yupo katika makumbusho ya Bowes, kaskazini mwa Uingereza. Merlin pia aliunda kiti cha magurudumu ambacho mgonjwa wa jongo alikiendesha mwenyewe. Thomas Gainsborough, mchoraji wa mabwanyenye, alimchora. Kichwa kilikuwepo, msee.

Basi akaunda viatu vyenye magurudumu madogo ya chuma. Usiku mmoja akavivaa kwenda Carlisle House, mtaa wa Soho, kwa karamu ya watu waliovaa vinyago. Akaingia akiteleza huku anapiga fidla. Hebu jiwekee picha hiyo: ukumbi umejaa, kila mtu anakutazama, na mwendo unazidi kuongezeka. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu viatu havikuwa na njia ya kupunguza mwendo wala ya kukata kona. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kioo kikubwa cha thamani ya zaidi ya pauni 500. Kioo vipande, fidla vipande, na mwenyewe akaumia vibaya. Kisa hicho kilichapishwa baada ya kifo chake.

Wengi tunaoanza tunafanya hivyo hivyo. Siku ya kwanza unataka kusukuma ubao kwa nguvu, mtu akurekodi video. Anza na kusimama. Mguu wa mbele ubaki juu ya ubao, magoti yakunjwe kidogo, ule wa nyuma uguse lami polepole hadi ubao utulie. Rudia mpaka uchoke, ndio usukume.

Merlin hakukata tamaa. Alifungua jumba lake la maonyesho karibu na Hanover Square, na kati ya watoto walioletwa kutazama alikuwemo Charles Babbage, aliyekuja kubuni mashine za kukokotoa. Merlin alifariki 1803.

Suala la kona lilingoja hadi 1863, Mmarekani James Plimpton alipopata hataza ya viatu vilivyotumia mpira kuruhusu magurudumu yageuke ukiegemea upande mmoja. Sasa pindua skeitibodi yako. Unaona vile vipande vya mpira kwenye vyuma vinavyoshika magurudumu? Wazo ni lile lile. Ubao ukikataa kukata kona, legeza kidogo ile nati kubwa inayobana mpira. Kidogo tu, maana ukizidisha utaanza kuyumba kwenye mteremko.