Denecourt: Askari aliyefukuzwa kazi akaufungua msitu wa wafalme

MSITU wa Fontainebleau, ulioko takriban kilomita 60 kusini mashariki mwa jiji la Paris nchini Ufaransa, ulikuwa kwa karne nyingi uwanja wa wafalme wa kuwindia. Ni msitu wa mialoni mikongwe, majabali yaliyorundikana na makorongo ambamo mgeni akiingia bila mwenyeji hupotea upesi. Mtu aliyeugeuza kuwa mahali pa matembezi ya raia wa kawaida hakuwa mfalme, wala msomi, wala bwana misitu. Alikuwa Claude-François Denecourt, askari wa zamani aliyefukuzwa kazi.

Denecourt alizaliwa mwaka 1788 katika kijiji cha Neurey-en-Vaux, mashariki mwa Ufaransa, mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi. Familia yake ilikuwa maskini na elimu ya darasani aliipata kidogo sana. Akiwa kijana alijiunga na jeshi la Napoleon Bonaparte, akapigana na kujeruhiwa, na mapenzi yake kwa mtawala huyo hayakumtoka hata baada ya utawala wenyewe kuanguka.

Ni katika kasri la Fontainebleau ambako Napoleon alitia saini kujiuzulu kwake mwaka 1814 na kuwaaga askari wake uani. Miaka 18 baadaye, katika mji huohuo, askari wake wa zamani naye alivuliwa wadhifa. Denecourt alikuwa msimamizi wa kambi ya jeshi, kazi ya funguo na malango. Serikali ya Mfalme Louis-Philippe haikupendezwa na misimamo yake ya kisiasa, na mwaka 1832 akaondolewa. Alikuwa na umri wa miaka 44.

Inasimuliwa kuwa majonzi ndiyo yaliyompeleka msituni. Alitembea peke yake siku baada ya siku, akachunguza kila bonde na kila pango, hadi akaufahamu msitu kuliko waliolipwa kuulinda. Mwaka 1839 alichapisha kitabu cha kuwaongoza wageni. Hata hivyo, alitambua kuwa kitabu pekee hakitoshi: msomaji akifika njia panda katikati ya majabali, atajuaje pa kushika?

Jibu lake lilikuja mwaka 1842, alipofungua kijia chake cha kwanza chenye alama. Alichora mishale ya buluu juu ya miti na miamba, mmoja ukimkabidhi mtembezi kwa mwingine mpaka mwisho wa safari. Vijia hivyo ndivyo vinavyohesabiwa kuwa vya kwanza duniani kuwekewa alama kwa ajili ya watembea kwa miguu.

Haikuwa kazi ya rangi tu. Denecourt aliajiri vibarua kwa fedha zake mwenyewe, wakafyeka vichaka, wakapanga ngazi za mawe, wakapasua njia kati ya majabali na hata kuchimba mapango. Miti na miamba aliipa majina ya wafalme, washairi na mashujaa wa hadithi. Mwanzoni aliyafanya hayo bila idhini rasmi. Baadaye wakuu wa msitu wakamvumilia. Hadi mwisho wa maisha yake alikuwa amefungua vijia vya takriban kilomita 150.

Reli kutoka Paris ilipofika Fontainebleau mwaka 1849, umati wa watu wa mjini ulianza kumiminika, kitabu mkononi. Hapo ndipo lawama zilipopamba moto. Wachoraji waliopiga kambi katika kijiji cha Barbizon, kando ya msitu, waliona kuwa mishale ile ni madoa na kwamba utulivu waliokuja kuutafuta umekwisha. Malalamiko yao hayakuwa ya bure, kwani mapango ya kuchimbwa na majina ya kubuni yaliupa msitu sura ya jukwaa la maigizo. Lakini nao walitaka msitu uwe wao, kama wafalme walivyotaka.

Wachoraji hao, Théodore Rousseau akiwa mstari wa mbele, walikuwa na vita vyao dhidi ya ukataji wa miti mikongwe na upandaji wa misonobari. Mwaka 1861 amri ya serikali ilitenga hekta 1,097 kwa ajili ya sanaa, miaka 11 kabla ya Marekani kuanzisha hifadhi ya Yellowstone. Ni vigumu kuamini kuwa hoja yao ingepata uzito uleule kama msitu ungebaki haujulikani na wakazi wa Paris.

Mwaka 1855 waandishi zaidi ya 40, wakiwamo Victor Hugo, George Sand na Charles Baudelaire, walishirikiana katika kitabu cha kumuenzi Denecourt. Mwandishi Théophile Gautier alimwita Sylvain, jina la mungu wa misitu wa Warumi wa kale. Mnara aliojenga kilimani na kuuita Ngome ya Kaizari, kwa heshima ya Napoleon, baadaye ulipewa jina lake mwenyewe.

Denecourt alifariki dunia mwaka 1875, mjini Fontainebleau, akiwa na miaka 86. Kazi yake iliendelezwa na Charles Colinet, na tangu mwaka 1907 chama cha marafiki wa msitu huo kimekuwa kikiitunza. Leo njia ya masafa marefu ya takriban kilomita 65 inauzunguka msitu, na wanaoifuata hukutana njiani na vijia vya mzee huyo, ambavyo alama zake bado hupakwa rangi ya buluu.